Thumni Tatu

Miaka ishirini na sita nimetengeneza karatasi,
na hii moja, ya mtihani wa kupimwa, imenitoa jasho.
Naipima kwa kidole gumba. Si yetu.
Yetu ilikuwa na mgongo,
haikulegea mkono wenye maji ukiilalia.

Swali la nne: kipi kikubwa,
thumni tatu au theluthi moja?
Nikaweka penseli chini.

Kiwanda kilifungwa Alhamisi moja ya Machi,
barafu ya mtoni ikipasuka kwa mlio wa bunduki.
Tulipewa bahasha. Ndani yake barua ya asante,
na fomu: orodhesha stadi ulizonazo.
Niliiacha tupu.
Nilijua kusikia roli namba tatu likianza kuugua
saa nzima kabla geji haijashtuka.
Hilo linaandikwaje?

Chuo kiko nyuma ya duka la matairi,
zamani ulikuwa ukumbi wa kubingirisha matufe;
sakafuni bado kuna mishale,
na sisi huweka madawati juu yake, kinyume.
Hufungua saa kumi na moja jioni
kwa wanaotoka kazini
na kwa wasio na kazi ya kutoka.

Mwalimu Lachance hakuniuliza umri.
Aliuliza kama nina gari.
"Siwapotezi kwa hesabu," alisema,
"nawapoteza Januari, kwenye ule mlima."
Akaandika nani anakaa jirani na nani,
akatugawa katika magari manne.

Kwa hiyo nasafiri na Emery, aliyetoka gerezani Oktoba,
anayenusa kitabu kabla ya kukifungua,
na Shawna, anayekuja na bintiye
kwa kuwa mshahara wa yaya ni mshahara wake wote.
Mtoto hukaa chini ya dawati langu na krayoni zake.
Amechora buti zangu mara kumi na moja,
na kila mara huniongezea kisigino.

Dada yangu Lucille alinicheka kwenye simu.
Udongo uwahi ungali maji, Odile,
wewe umekauka, una wajukuu.
Sikumjibu siku ile.
Ningemwambia: mimi sijifunzi ufinyanzi,
najifunza kuunga chuma.
Chuma hakiulizi kilizaliwa lini;
kipate moto tu, hata kilicholala kwenye kutu
kinakubali.

Ila kwanza hesabu. Bila hesabu hupewi kofia ya kioo.

Wiki ya tatu, Lachance alichomoa spana mfukoni.
"Hii?"
"Tatu kwa nane," nilisema, kabla sijafikiri.
"Na ikiwa ndogo kidogo kwa nati?"
"Saba kwa kumi na sita."
"Na theluthi?"
"Theluthi haina spana."
Emery alicheka mpaka akashika dawati.
Lachance hakucheka. Ana umri wa mwanangu wa pili,
mikono yake ina makovu madogo ya cheche.
"Inchi unazigawa tangu sijazaliwa," alisema,
"hujawahi tu kuombwa uziandike."

Nilikwenda chooni nikafungua bomba,
nikaliacha limwagike.

Sitadanganya, bado nashindwa.
Juzi nimepata ishirini na mbili kati ya arobaini.
Shawna amekosa vipindi viwili, mtoto ana masikio.
Kiti cha dirishani, cha yule mzee wa msumeno,
kiko wazi tangu Krismasi na hatumtaji.

Usiku wa leo mlima unateleza.
Emery anaendesha kama aliyebeba mayai.
Nainua mtihani wangu kwenye taa ya ndani ya gari,
mazoea ya kazi, natafuta nyuzi zilivyolala,
na nyuma yake naona buti, kisigino, buti.

"Nusu ya nusu ni nini?" mtoto anauliza.
Robo, namwambia.
"Na nusu ya hiyo?"

Namkunjia ukurasa kwenye goti,
mara moja, mara ya pili,
na mara ya tatu nampa akunje mwenyewe.